Simu Isiyolia

Tangu Rattana aweke ile programu ya bure kwenye simu, duka lake la kukodisha mitungi ya oksijeni lilikuwa na utulivu wa ajabu. Ubao wa ukutani, ambao mumewe Wichian aliandikia zamu za wagonjwa kwa chaki, aliufuta mwenyewe kwa mbwembwe. Mtungi wa mtu ukikaribia kuisha, simu ingelia. Haikulia, naye akaona mambo yamenyooka.

“Mama Fai,” Wichian aliuliza asubuhi hiyo ya mvua, “hivi Bibi Bunma wa kule mlimani tulimpelekea lini?”

“Simu ingesema. Acha kuionea wivu mashine.”

Hata hivyo aliifungua. Jina la Bibi liling'aa kijani, na chini yake: imebaki miaka 543. Tarehe ya kubadilisha mtungi alikuwa ameiandika kwa mwaka 2568, kama kalenda ya Kibudha ya kila nyumba ya Thailand inavyosema. Programu ya ugenini, ambayo kwake huu ulikuwa 2025 tu, ikaamua Bibi ana muda tele. Alimpigia. Simu iliita mpaka ikakatika.

Garini hakungoja hata kufunga mkanda.

“Ile programu ya kulipia, ya watu wa hapa hapa, ilikuwa bei ya bakuli nne za tambi za khao soi kwa mwezi,” Wichian alisema, macho kwenye matope. “Nne tu! Ukaniambia nina mkono mwepesi wa kutapanya.”

“Utanisema tukifika. Kanyaga mafuta!”

Rahisi ni ghali, alilijua hilo tangu utoto. Aliogopa kila kona iliyowachelewesha, na zaidi ya hapo aliogopa kufika.

Mlango wa Bibi ulikuwa wazi. Alikuwa ameegemea nguzo, bomba puani, midomo ya bluu, na simu iko mezani, karibu tu, lakini miguu haikuweza kumfikisha. Wichian aliufunga mtungi mpya mbio mbio. Rattana akamshika Bibi mkono mpaka rangi ikaanza kurudi.

“Bibi, kwa nini hukutupigia mapema?”

“Niliona mmechelewa, mwanangu, nikajua mna shida zenu. Nikawa naikaza koki kidogo kidogo, hewa isiishe upesi. Kumsumbua mtu mwenye shida zake, si vizuri.” Akaunganisha viganja kifuani. “Mnisamehe, na mvua yote hii.”

Rattana alitaka kulia, lakini hofu ilimrudia, kubwa kuliko ile ya njiani. Wagonjwa wote wa duka alikuwa amewaandika siku moja, kwa mwaka ule ule. Na katika milima ile yote hakuna aliyelelewa kusumbua watu.

Alifungua simu. Majina yote yalikuwa ya kijani.

“Baba Fai,” alisema, “washa gari.”