Kifungo Chekundu

Mwalimu wa jiografia alikuwa na mtindo wake: akiinua kitabu kilicholetwa shuleni kama msaada kutoka ng'ambo, huziba maelezo ya picha kwa kiganja ili darasa libahatishe nchi. Leo picha ilikuwa ya mafuriko, mwanamke ameng'ang'ania paa la bati. Watoto wakataja nchi za mbali huku wakicheka; mkuki kwa nguruwe mtamu.

"Ni hapa kwetu, mwalimu," alisema binti wa fundi cherehani.

"Kitabu cha ng'ambo, sisi tuingie humo kwa lipi? Kaa chini!"

Hakukaa. "Kile kifungo chekundu cha sweta nilikishona mimi. Ni mama. Tuliambiwa hakuna aliyemwona siku ile ya mafuriko."

Mwalimu akaondoa kiganja, akasoma kimoyomoyo: "Mwanamke asiyejulikana, dakika chache kabla ya kusombwa na maji."

Chini yake, kwa herufi ndogo, lilikuwepo jina kamili la mpiga picha.