Mitungi ya Mzee wa Kofia

Katika mchezo wa kompyuta alioutengeneza Chiriku watu walikufa ovyo, tena walikufa kwa raha zao. Walioitwa kuujaribu waliganda kwenye theluji huku wanatafuna karanga. Skrini ikawaandikia UMEKUFA. JARIBU TENA, nao wakabonyeza kitufe bila hata kufuta mikono, na mtu wao akaamka kibandani buheri wa afya. Mmoja alijitupa bondeni makusudi ili asipate taabu ya kurudi kibandani kwa miguu. Jamani! Kufa kukawa njia ya mkato.

"Kifo chako hakina maana," Mchoraji alimwambia Chiriku. Yeye ndiye aliyechora kila jiwe la mchezo huo, na wawili hao walifanya kazi chumba kimoja, meza zimetazamana, mmoja akipiga chafya mwingine anajifuta. "Nani atahangaika kuishi humu kama kufa hakumpunguzii kitu? Akifa afe kweli, basi."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya kitaalamu. Huwezi kuelewa."

Uongo mtupu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na Mchoraji alijua, ila alimwonea huruma akarudi kuchora mawe yake.

Chiriku lilikuwa jina la utani alilopewa na baba yake, kwa kuwa utotoni mdomo wake haukufungwa hata usingizini. Huyo baba, fundi bomba aliyestaafu, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuucheza mchezo huo, kwenye kompyuta kuukuu iliyowekwa dirishani mwa chumba hicho cha kazi. Alimvisha mtu wake kofia ya sufu, wakamwita Mzee wa Kofia. Wengine wakikimbilia kuwinda, yeye kazi yake ilikuwa kuteka maji. Mtungi mmoja ulimtosha kabisa mchezaji, lakini mlangoni kwake alipanga safu nzima, yote imejaa pomoni. Hata nyumbani alikuwa hivyohivyo. Hakunywa chai ya mwisho bila kulijaza birika upya, kwa ajili ya anayekuja nyuma.

"Baba, humu hakuna anayekuja nyuma," Chiriku alimcheka siku moja. "Uko peke yako."

"Si wewe ndiye unayeutengeneza? Mlete."

Kisha baba akaugua, akalazwa, akafariki. Chiriku alimzika akarudi kazini. Alipokea pole za watu mpaka zikamchosha, lakini kuna mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kumpa pole, naye ni mama yake. Kila alipotaka kuisema, alijikuta anazungumzia jambo jingine. Angempaje pole mama bila kukubali kwamba baba hayupo tena? Na kule dirishani Mzee wa Kofia alikuwa bado hai, ameketi kando ya moto wake. Kifo kikiwa cha kweli katika mchezo, siku moja kitamfika na yeye. Hayo ndiyo yalikuwa mambo ya kitaalamu.

Mama yake alifika mchana mmoja na chakula kwenye bakuli lenye kifuniko, kwani alimjua bintiye, akizama kwenye kazi husahau kama ana tumbo.

"Shikamoo, mama," Mchoraji akasimama kumpisha kiti.

"Marahaba, mwanangu. Huyu anakula kweli?"

"Anakula kucha."

Mama alicheka, halafu macho yake yakaangukia dirishani, na kicheko kikakatika. "Yule si wa baba yako?"

"Ndiye."

"Siku zote hizi yuko humo? Peke yake, kwenye baridi yote hiyo?" Alivuta kiti. "Hebu nipe hicho kidude cha kuchezea nimtembeze kidogo."

"Mama, hujui kucheza. Ataumia."

"Miaka yote niliyoishi naye, leo ndiyo nimuumize? Lete hapa."

Basi akapewa. Vidole vilimgomea, Mzee wa Kofia akajigonga ukutani, akazunguka kama kuku aliyefungwa mguu, mwishowe akatoka nje bila koti. Mama alikuwa ameona kijito kwa mbali, akataka kumpeleka. "Twende, Baba Chiriku, twende taratibu," alimbembeleza. Chiriku alitaka kusema vaa koti, akashindwa, kwa jinsi alivyomwona mama yake anavyotabasamu. Kando ya kijito mzee alipiga magoti, akalala ubavu. Theluji ikaanza kumfunika.

UMEKUFA. JARIBU TENA.

Mama aliyasoma maneno hayo polepole. "Anaambiwa nani?"

"Mchezaji."

"Mchezaji ni mimi, na mimi sijafa."

"Basi ni yule mzee, Mama. Ndivyo michezo yote inavyoandika."

"Yaani maiti anapewa taarifa kwamba amekufa? Ili aifanyie nini?" Hakuwa akitania. "Siku ile hospitalini daktari hakumwambia baba yako chochote. Alinifuata mimi kwenye benchi. Na kabla hajasema lolote, alisema pole. Nikajua hapohapo."

Mama akaelekeza kidole kwenye kitufe. "Nikibonyeza hapa, anarudi?"

"Anarudi."

"Vilevile?"

"Vilevile. Kama hakuna kilichotokea."

Mama alikitazama kile kitufe kwa muda mrefu. Alikitamani, usiniambie hakukitamani. Kisha akakiweka kidude mezani kwa upole. "Ningepewa siku ile ningekibonyeza mpaka king'oke, mwanangu. Lakini kimetokea. Usiniambie hakuna kilichotokea." Akamsogezea bakuli. "Kula, kitapoa." Akaenda zake.

Chiriku hakula. Alienda dirishani akasimama mbele ya baba yake aliyelala thelujini. Kubonyeza mara moja tu, na angeketi tena kando ya moto, na kofia yake. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Alilia kama alivyopaswa kulia makaburini, kwa sauti, mpaka Mchoraji akaja akasimama nyuma yake asijue aweke wapi mikono.

"Nichoree mwanamke," Chiriku akasema alipoweza. "Mtu mzima, amejifunga mtandio. Anatoka mbali."

"Anakuja kufanya nini?"

"Anakuja nyuma."

Akakaa akaifanya ile kazi aliyosema haiwezekani, anayekufa afe kweli. Akafuta JARIBU TENA. Akafuta UMEKUFA, maana mama alisema kweli, neno lile lilikuwa linaambiwa mtu asiye na masikio. Mahali pake akaweka neno moja.

Kesho yake mchana akamwita mama yake na kumketisha dirishani. Skrini ilikuwa nyeusi, halafu ikaandika: Pole. Basi. Kisha kukapambazuka, na mwanamke mwenye mtandio akaonekana anashuka mlima, amechoka, ana kiu, mstari wa maji yake pembeni mwa skrini umebaki kidogo sana.

"Huyu ni mimi," mama akasema.

"Ni wewe."

Akamtembeza. Safari hii vidole vilitii. Akapita kijitoni, pale palipokuwa na kofia ya sufu juu ya kichuguu cha theluji, akasimama kidogo, akaendelea. Akafika kibandani. Na pale mlangoni akaikuta mitungi, safu nzima, yote imejaa pomoni.

Mwanamke akainama akanywa. Mstari wa maji ukapanda, ukapanda, ukajaa.

"Baba yako huyu!" Mama alicheka na kulia kwa pamoja, mkono kifuani. "Baba yako huyu jamani! Hata humu!"

Jambo jingine lilimjia Chiriku mdomoni kama kawaida yake. Safari hii hakulisema.

"Pole, Mama," akasema. "Pole sana."

Mama aligeuka akamshika shavu. "Asante, mwanangu. Nilikuwa naisubiri. Na wewe pole."

Mchoraji aliinamia meza yake akidai vumbi la chumba hicho limezidi, lazima mtu afagie.

"Mama, sasa unaweza kwenda kuwinda," Chiriku akasema huku anajifuta kwa kiganja. "Huko nyuma ya mlima kuna msitu mzima hujauona."

"Nitauona." Mama alikuwa ameshamvisha mwanamke wake koti na kuubeba ule mtungi alioumaliza, anaelekea kijitoni. "Subiri kwanza niujaze."