Paa la Pijo Mabegani mwa Watu

Mzee Kenga alikuwa mtu wa neno moja. Katika miaka yake ya kazi ya reli, gari moshi lingeweza kuchelewa lakini yeye hakuchelewa. Na kanisani, akisema ibada ni saa tatu, hata mchungaji alikaza mwendo. Kwa hiyo ahadi aliyompa mkewe Kadzo ilimnyima raha. Alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba Jumapili ile wangekwenda kanisani kwa gari lake la Pijo la tangu ujanani, likiwa na paa jipya. Likishindikana, Jumatatu mnunuzi wa vyuma vikuukuu angekuja kulichukua.

"Gari linalovuja hivi si gari, Baba Baya," Kadzo alikuwa amesema, akimwita kwa jina la mtoto wao, na majirani wote wa mtaa wa Buxton wakasikia. "Hilo ni chujio lenye magurudumu."

Hakuwa amekosea. Chumvi ya bahari ilikuwa imelitafuna paa hata mtu aliyeketi ndani aliweza kuhesabu mawingu. Mengine yote fundi Gunga wa Majengo alikwisha kuyatengeneza: milango, sakafu, breki. Paa ndilo lililokosekana, mpaka iliposikika kwamba uani kwa Bi Mejumaa, Mji wa Kale, kulikuwa na Pijo la marehemu mumewe, la umbo lile lile, ambalo nyumba zilizojengwa baadaye zilikuwa zimelizibia njia ya kutokea. Injini ilikwisha kuuzwa zamani, lakini paa lilikuwa zima, halina hata kovu.

"Lichukueni," alisema Bi Mejumaa. "Humu ndani linawafaa paka tu."

Gunga akalikata nguzo kwa nguzo, akalisugua, akalipaka rangi ya kijivu ya kuzuia kutu. Kisha akamwonya Mzee Kenga. Bati pana namna ile, likitengwa na nguzo zake, halina tofauti na chapati mbichi: lishike pembe moja tu, hujikunja lenyewe, na likijikunja fundi hana dawa. Mkokoteni haukuweza kupita katika vichochoro vile. Basi Jumamosi asubuhi Gunga akafunga boriti mbili ndefu chini ya paa, akawaita vibarua wanne wa kulichukua mabegani hadi gereji yake Majengo. Na Bi Mejumaa, kwa kuwa kunguru wa mtaa wake hawaheshimu rangi mbichi, akalifunika lote kwa kitambaa kizuri cha kijani.

Wakatoka. Vibarua walitembea kimya, kwa uangalifu. Mzee Kenga akafuata nyuma katika koti lake jeusi, kofia mkononi kwa sababu ya joto, macho yameinama akichunga mawe yasiwakwaze wachukuzi.

Sasa, desturi ya Mji wa Kale ni kongwe. Jeneza likipita, mwanamume halitazami tu. Huacha kikombe chake cha kahawa, huweka bega hatua chache, kisha humpisha mwingine, maana kila hatua ina thawabu. Hata kabla hawajafika pembe ya pili, kijana muuza nguo aliruka kutoka dukani, akampokea kibarua wa kwanza. Wakaja wawili waliokuwa wakinywa kahawa, akaja kinyozi na taulo lake begani. Mzee Kenga akafurahi kupita kiasi. Watu wa ukarimu ulioje!

"Pole sana, mzee wangu," alisema mmoja, akimshika mkono.

"Ahsante, ndugu yangu. Mungu akubariki."

"Mwepesi kama unyoya!" alisikika kinyozi. "Hiyo ni ishara. Mtu mwema hawi mzito."

"Ila alikuwa mpana," akajibu mwenzake.

"Mpana, lakini mwema."

Mzee Kenga hakupata wasaa wa kuyatafakari maneno hayo, kwa kuwa mwendo ulikuwa umezidi. Vibarua wake walikwisha kutupwa nyuma pamoja na Gunga na mfuko wake wa vyombo. Mbele, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe na sauti nzito, ambaye wote walimwita Mzee Shee, alianza kutamka maneno ya dua, na umati ukaitikia. Walipofika njia panda, paa halikupinda kuelekea Majengo. Lilishika njia ya msikitini.

Hapo Mzee Kenga akaelewa walichodhani wamebeba.

"Jamani, polepole!" akaita.

"Stahamili, mzee. Maiti hacheleweshwi."

Akavuta pumzi ili apige ukelele wa kuwasimamisha wote, lakini Gunga alikwisha kumfikia, akimhemea sikioni. "Usipige kelele, mzee! Wakishtuka wakaliachia, ndiyo basi. Litakunjika!"

Kweli. Jumapili nzima ilikuwa juu ya mabega yale, na mabega hayo yalikwenda mbio. Mzee Kenga akavaa kofia yake. Akamgusa mtu wa nyuma kabisa begani, kama desturi ilivyotaka, naye akampisha. Akaingia chini ya boriti. Kila wa mbele alipopisha, yeye akasogea. Akasogea tena, jasho likimtiririka ndani ya koti, mpaka akawa bega kwa bega na Mzee Shee.

"Bwana Shee," alinong'ona, "usisimame, wala usiache boriti. Nina jambo la kukuambia, nami naomba radhi kabla ya kulisema."

"Sema, ndugu yangu."

"Hili ni paa la gari."

Mzee Shee, kwa vidole viwili, akainua pindo la kitambaa, akaona rangi ya kijivu na mfereji wa kupitishia maji ya mvua.

"Gari gani?"

"Pijo."

Mabega ya mzee yule yakaanza kutikisika, na Mzee Kenga akaogopa kwamba paa litaanguka kwa kicheko.

"Waungwana!" Mzee Shee alisema mwishowe, bila kupunguza mwendo. "Msisimame, msiachie! Maiti wetu ni Pijo, na kwao ni Majengo. Geukeni taratibu!"

"Ala! Na thawabu zetu?" akalalamika kinyozi.

"Umemsaidia mtu mzima kubeba mzigo. Wataka nini zaidi?"

Wakageuka, wakicheka, wakitaniana, wala hakuna aliyekubali kuondoka. Gereji ya Gunga haikuwahi kuona mikono mingi hivyo. Fundi akawapanga kuzunguka gari, akahesabu, nao wakalishusha paa kwa pamoja, likakaa juu ya nguzo zake bila kunyanzi. Wakalishikilia hivyo hivyo huku Gunga akilipachika kwa nukta za moto wa kuchomea, nguzo moja baada ya nyingine.

Habari, hata hivyo, ilikwisha kufika Buxton kwamba Mzee Kenga ameonekana akizika. Kadzo akaja mbio, leso kiunoni, tayari kwa kilio.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama," akajibu Mzee Shee. "Tumemsindikiza mumeo."

Kadzo akalizunguka gari. Akaligonga paa kwa kidole. Akafungua mlango, akaketi, akatazama juu, na juu hakukuwa na wingu hata moja.

"Mama, teremka," Gunga akasihi. "Sijamaliza kuchomea!"

"Chomea. Nani amekushika mkono?"

Mzee Kenga, ambaye hakuna aliyepata kumwona akicheka hadharani, alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaingia upande wa pili, akaketi karibu na mkewe.

"Na yule mnunuzi wa Jumatatu, Mama Baya?"

"Akija ataambiwa na majirani akatafute masufuria," akasema Kadzo, akiurekebisha mkunjo wa leso yake kama mtu aliyekwisha kuanza safari. "Sisi tutakuwa tumetoka na gari."