Motivation ya Mzazi

Karatasi ililetwa Jumapili baada ya ibada, na aliyeileta alikuwa Kocha Niyongabo mwenyewe. Nilikuwa nimeketi nyuma ya cherehani nikipunguza kiuno cha sketi ya mteja. Aliiweka juu ya kitambaa, akaweka na bahasha tupu kando yake.

Kocha Niyongabo ni Mrundi aliyefika kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akiwa mtoto. Kwa miaka sita ameifundisha timu ya mpira ya wasichana wetu hapa kambini, na tangu mwaka jana anafundisha pia timu ya chuo kimoja cha ualimu huko Lilongwe. Siku za kazi yuko chuoni. Jumamosi na Jumapili yuko kwetu. Chuo hicho hutoa nafasi mbili kila mwaka kwa wasichana wanaocheza vizuri, nao husoma bila kulipa karo. Mwaka huu binti yangu Raïssa, mlinda lango, aliitwa kwenye majaribio. Aliondoka Ijumaa. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukanyaga chuo, na Raïssa alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa akisubiri.

"Mama Raïssa, hii njo sehemu ya muzazi," alisema kocha. "Ujaze weye mwenyewe, luga yoyote. Halafu ufunge bahasha, mi nisione kitu."

"Kwa nini usione? Si weye njo unaipeleka?"

"Batu banasema nachagua batoto ya timu yangu. Niko huku, niko kule. Banasema eti mi niko muchezaji, tena niko refa." Alicheka, lakini hakucheka sana. "Kesho asubui napita kuibeba."

Nilipobaki peke yangu nilinawa mikono, nikaisoma karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini juu ya mistari mitupu yalikuwapo maneno mawili tu niliyotakiwa kuyaelewa. La kwanza lilikuwa "parent", yaani mzazi, nami nililifahamu kutoka ubaoni kwa Madame Carelle, anayetufundisha sisi watu wazima kusoma. La pili lilikuwa "motivation". Hilo nililijua tangu Bukavu, kwetu Kongo, na hilo ndilo lililoniponza.

Kule kwetu, serikali ilipokuwa hailipi walimu, wazazi ndio walioshika shule. Kila mzazi alitoa chochote ili mwalimu asichoke akawaacha watoto, na kitu hicho kiliitwa motivation. Mama yangu alitoa maharagwe. Hakuna aliyeona haya kwa kutoa. Haya ilikuwa ya asiyetoa. Basi nikashika kalamu, nikaandika polepole, herufi zikisimama wima kama nilivyofundishwa: "Nilimpa Kocha Niyongabo shati moja la kitenge, la mikono mirefu, nililolishona mimi mwenyewe. Godelive." Nilifunga bahasha. Nilijisikia mtu mzima kweli.

Jumatatu alasiri, darasani, Madame Carelle alituomba kila mmoja aseme alichoandika wiki hiyo nje ya daftari. Nilisimama nikasema maneno yangu yote bila kukosea. Madame aliweka chaki mezani.

"Mama Raïssa, iyo bahasha iko wapi?"

"Ilishaenda Lilongwe. Kocha aliibeba leo asubui."

"Mungu wangu! Motivation ya kule haiko ile yetu. Banauliza sababu gani unataka mutoto asome. Weye umebaandikia rushwa!"

"Afazali yeye aliandika shati," alisema Mzee Dieudonné kutoka dawati la nyuma. "Mi ningeandika mbuzi."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Kisha nilifunga daftari, nikatoka kabla kipindi hakijaisha.

Njiani kurudi nyumbani nilijaribu kujituliza. Ni kosa la neno, nilijiambia, na kosa la neno huelezwa likaisha. Lakini kadiri nilivyotembea ndivyo jambo jingine lilivyonikaba. Neno lilikuwa la makosa, ila shati lilikuwa la kweli. Na nilimpa lini? Kocha alimfundisha binti yangu miaka mitano bila kupokea kwangu hata kitufe. Wiki niliyosikia kwamba ameajiriwa chuoni, nilikata kitenge siku hiyo hiyo na kukimaliza kwa siku nne. Nilijiambia kuwa ni shukrani, na shukrani ilikuwamo. Ila haikuwamo peke yake.

Jirani yangu Amanda, ambaye binti yake Cadeau anacheza katikati kwenye timu hiyo hiyo, alinikuta nimesimama mlangoni pangu bila kuingia. Nilimweleza yote.

"Ukae kimya," alisema. "Pengine habatasoma. Bazungu ya makaratasi habasomaka yote."

"Habako bazungu, ni Bamalawi. Na batasoma."

"Sasa ukienda kule, batamufukuza kocha. Cadeau wangu mwaka ujao atapitia wapi? Mama Raïssa, usiue mutoto wa mwenzako juu ya shati."

Jumanne nilipanga foleni ofisini kuomba kibali cha kutoka kambini, na Jumatano alfajiri nilipanda kabaza, nikishikilia kiti cha baiskeli ile kwa mikono miwili, hadi mahali minibasi za Lilongwe zinaposimama. Njia nzima nilirudia sentensi moja moyoni, ile ya kueleza neno. Ile ya shati sikuitunga.

Raïssa alinikuta kwenye geti la chuo akiwa amevaa glavu.

"Maman! Umekuja kufanya nini? Banatuita saa ine, na bamesema mimi nipitie kwanza ofisini. Hata sijue kwa nini."

"Mi najua," nilisema, nikamweleza huku tukitembea. Alisimama katikati ya njia.

"Motivation? Maman, uliandika shati kwenye motivation?"

"Tembea, binti yangu. Utanitafsiria."

Mkuu wa michezo alikuwa mama wa Kimalawi mwenye miwani, na kando yake waliketi walimu wawili. "Takulandirani, amayi," alinikaribisha, akanionyesha kiti. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake, na herufi zangu zilizosimama wima zilionekana kubwa mno. Alizungumza Kiingereza, na Raïssa akawa kati yetu. Nilieleza neno letu la Bukavu, walimu wasiolipwa, maharagwe ya mama yangu. Raïssa alitafsiri vizuri, nadhani, kwa sababu mwalimu mmoja alitabasamu na mkuu akavuta pumzi. Nikadhani tumepona.

Kisha mkuu aliuliza jambo jingine, akiwa ameweka kidole juu ya karatasi.

"Anauliza, shati ulimupa kweli?" alisema Raïssa.

"Nilimupa."

"Anauliza ulimupa lini. Mbele ya kupata kazi hapa, ao kisha kuipata?"

"Kisha kuipata, wiki ile ile."

Raïssa alivua glavu moja. Kisha aligeuka, akasema sentensi ndefu, na ndani yake nikasikia "before". Neno hilo nililijua. Madame Carelle alilichora ubaoni pamoja na mwenzake: upande wa kushoto sahani iliyojaa nsima, ugali wa huku, "before", upande wa kulia sahani tupu, "after". Nilijua binti yangu ameichagua sahani ipi, na nilijua ameichagua kwa sababu ya maisha yake.

Ningeweza kunyamaza. Nani angemlaumu mama asiyejua Kiingereza? Niliinua mkono kama darasani, nikasema, "After."

"Maman," alisema Raïssa kwa sauti ndogo.

"After," nilirudia. "Mwambie huyu mama kwamba mutoto wangu ameteleza kwa woga, na kosa ni langu."

Hakutafsiri. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akamtuma mwalimu mmoja kumwita kocha. Niyongabo aliingia na filimbi shingoni. Walizungumza kwa dakika chache, naye hakukana hata jambo moja. Baadaye nilielewa: chuo kilimtaka kila kocha mwenye timu ya vijana nje ataje kila kitu anachopokea kwa wazazi wa timu hiyo, na yeye shati hakulitaja. Mkuu alitoa uamuzi, na Raïssa akanitafsiria akitazama ukuta.

"Yeye hatachagua mutu. Bengine babili njo batanipima, habanijue hata jina. Na kocha achague, huku ao kule. Hawezi tena kubeba zote mbili."

Tulipotoka hakunisubiri. "Umenimaliza, maman," alisema, akaenda zake uwanjani.

Niliketi penye uzio. Kocha alikuja akasimama karibu nami, maana hata yeye alikatazwa kuingia. Wageni wawili walipiga mipira, na Raïssa akaruka kushoto, akaruka kulia. Mpira wa tatu ulimpita. Wa nne ulimpita pia. Nilifumba macho.

"Fungua, mama," alisema kocha. "Huyu ana hasira. Akiwa na hasira anadakaka muzuri."

"Unanichukia?"

"Ingefaa niitaje ile shati mi mwenyewe. Nilikuwa na mwaka muzima wa kusema." Alikuna shingo. "Nyumbani niko na batoto batatu. Chuo njo kinabalisha. Jumamosi musiningoje."

Saa kumi jioni mkuu alisoma majina mawili. La Raïssa lilikuwa la pili. Alilia, nami nikalia, lakini hakunikumbatia hadi tulipofika getini, na hata hapo alinikumbatia kwa mkono mmoja.

Amanda hakufungua mlango niliporudi. Siku ya Jumamosi nilikwenda uwanjani mapema, nikitaka wasichana wanikute mimi kwanza. Walikuwa wamenitangulia. Kumi na saba kati yao walikuwa wameketi mstarini, kamba za viatu zimefungwa, wakitazama barabara ya Dowa, ambayo kocha huijia.

"Mama Raïssa," aliita Cadeau, "kocha iko nyuma yako?"

"Hapana," nilisema. "Sogeeni karibu. Nitawaambia kwa nini."