Anayenyamaza Kwanza

Mchanga ulianza kudondoka baada ya vijana kuachana. Kila asubuhi, akimaliza sala, Paskazia alifagia uani kwake Mabatini, na kila asubuhi aliukuta tena, laini kama unga wa muhogo, chini ya jiwe kubwa lililoegemea chumba cha uani. Ulitoka kwenye ufa, pale jiwe lilipokalia mwenzake.

Chumba hicho aliachiwa na marehemu mumewe, na Yeremia, mwanawe wa pekee, alikigeuza cha muziki. Alipiga gitaa, rafiki yake Faizan, wa duka la vitambaa kule chini, akapiga ngoma. Ilikuwa roki tu, na Paskazia alishazoea kumenya viazi kwa mdundo wao. Kisha wakaachana, na hawakugombea msichana.

"Mmekosana nini?" aliuliza siku Faizan alipokuja kuchukua ngoma zake.

"Shikamoo mama. Mwanao anataka matanga, mimi nataka vurugu."

"Mama, roki ilikuwa moja," Yeremia akasema. "Ilitoka kwenye bluzi za watu weusi wa Marekani, ikakua, ikapasuka. Wengine wakaifanya nzito, ndiyo metali. Metali nayo ikazaa: iko ya mbio, iko ya mauti, iko hii yangu ya polepole, nyuzi umezilegeza mpaka zinaguna kama kiboko."

"Wengine wakachoka na majivuno ya gitaa kama ya huyu," Faizan akadakia. "Wakasema piga fupi, piga haraka, piga kelele, nenda nyumbani. Hiyo ndiyo panki."

"Panki? Mifupa ya sangara?"

"Hiyohiyo, mama! Minofu wale wao, sisi mifupa inatutosha."

Walicheka wote, ila Paskazia hakucheka sana. Kwao Usukumani nako, wazee walisema, ngoma ilikuwa moja mpaka wachezaji wawili waliposhindana, wakagawana watu: wagika huku, wagalu kule. Tangu hapo wakikutana hupiga kwa pamoja, na anayenyamaza kwanza kashindwa. Akiwa mtoto alimwona mtu akianguka juu ya ngoma yake, damu puani, mikono bado inapiga.

Faizan hakwenda mbali. Alihamia stoo ya baba yake mdogo, Aftab, upande wa pili wa jiwe lilelile. Huku gitaa likinguruma, kule ngoma zinajibu. Pimbi waliozoea kuota jua juu ya jiwe wakahama. Paskazia aliweka kiganja kwenye jiwe, akalisikia likitetema kama ubavu wa ng'ombe anayetaka kuzaa.

"Mama, jiwe hilo liko hapo tangu uumbaji," Yeremia alimwambia.

"Uumbaji haukuwa na spika."

Akamfuata Faizan pia. "Mwambie yeye anyamaze kwanza," Faizan akajibu. Paskazia alipozima umeme wa nyumba, Yeremia akavuta waya kwa jirani, Sabina.

Jumamosi alasiri wakafungua milango, watu washuhudie nani mkali. Njia ikajaa, simu juu. Huku gitaa likaburura sauti kama mnyororo, kule ngoma zikakimbia. Mchanga sasa ulimiminika bila kukatika. Ufa uliokuwa ukipitisha kisu ukapitisha ngumi. Paskazia alimwita mwanawe, hata yeye mwenyewe asijisikie.

Akakaza kanga kiunoni, akatoka barabarani, akapiga mwano.

Ule ukelele wa hatari ukisikika, Msukuma huacha alichoshika akakimbilia. Naye anayeupiga bure hutozwa ng'ombe. Mama mmoja akaupokea, mwingine akaupokea, mpaka ukapanda juu ya muziki. Watu wakatiririka kuelekea barabarani alikosimama. Faizan alikuja na vijiti vyake mkononi. Kule ngoma zikafa.

Yeremia akaegemeza gitaa kwenye spika, likabaki linaguna lenyewe, akatoka mikono juu. "Kanyamaza! Kanyamaza kwanza!"

"Nimeitikia mwano, mpumbavu wewe! Nani kafa?"

Mzee Ngosha wa sungusungu, walinzi wa mtaa, alikuwa anahema. "Mama Yeremia, nani kavamiwa?"

"Jiwe linakuja, mzee."

Wakalitazama. Lilikuwa limesimama palepale.

"Haya, ng'ombe huyo," mtu akasema, na watu wakaangua kicheko.

Yeremia aliona aibu. "Ngoja nikamalizie," akasema, akageuka. Paskazia akamkamata shati.

"Niache, mama. Watu wanatuangalia."

"Waangalie."

Akavuta, kifungo kikaruka. Mama hakuachia.

Jiwe likaja, lakini halikubingirika. Lilikaa, kama mzee anavyokaa kwenye kigoda, juu ya nusu ya chumba na ukuta wa stoo ya Aftab. Vumbi likawafunika. Lilipotua, hakuna aliyecheka. Faizan aliangusha vijiti.

Ndipo wakasikia. Kwenye nusu ya chumba iliyobaki, gitaa lilikuwa bado linaguna, umeme ukitoka kwa jirani. Na kila lilipoguna, mchanga mwembamba ulimwagika kutoka kwenye jiwe lingine, kubwa zaidi, lililokuwa limelala nyuma ya lile la kwanza, juu ya nyumba zote.

"Sabina, kachomoe waya!" Ngosha alipiga kelele.

"Nimefunga mlango," Sabina akasema, akihangaika na fundo la kanga lililoficha ufunguo. Fundo lilikataa.

"Nikimbie nikalizime mwenyewe, mama," Yeremia akanong'ona.

Paskazia alimwomba Mungu kimya, akazungusha shati mara nyingine kwenye ngumi yake.