Pumzi ya Kumwozesha Kudra

Kaka yangu Muhidini aliponiambia niende mimi msikitini kumwozesha binti yake, nilimjia juu. Nilimwambia, "Kudra sikumzaa mimi. Nenda mwenyewe."

"Mlima ule siuwezi, Zubery."

Tulikuwa tunakaa Ipogolo, bondeni. Msikiti ulikuwa juu, Mlandege. Kaka alisaga mawe ya dhahabu kule Chunya tangu ujana wake, vumbi likamkaa kifuani, na daktari alishamwambia wazi kwamba mapafu yale hayatapona. Kupanda gari hakutaka: baba wa bibi harusi apakiwe kama gunia la mpunga, watu wamtazame? Kaka ana kiburi, nisiseme uongo. Akaona bora asionekane kabisa. Na Kudra alishasema kwamba baba yake asipomwozesha kwa mdomo wake mwenyewe, harusi hana haja nayo.

Nikamwona anajikaza kisabuni mbele ya wageni wa harusi, anameza kikohozi, hasira ikanipanda zaidi. Tangu lini mtu akaona aibu kuvuta pumzi?

Kiongozi wa dufu nilikuwa mimi. Nikawaita wapigaji wenzangu uani, nikawaambia leo tunakwenda kwa mwendo wa kaka. Akisimama, tunasimama, tunaimba kasida mpaka apumue. Kisha nikamwendea. "Vaa kanzu," nikamwambia. "Ukichoka, sema. Hatuna pa kukimbilia."

Tukaondoka baada ya adhuhuri. Kwenye kona ya kwanza akaanza kuhema, lakini akazidi kupanda. Nikasimamisha msafara, tukaimba. Watu wakatoka majumbani na maji ya ndimu, wakidhani tumesimama kwa ajili yao. Kaka akaketi kwenye jiwe, akanywa. Tukaenda tena, tukasimama tena. Ndugu mmoja wa bwana harusi akanung'unika kwamba tutachelewa. Nikamjibu kama ana haraka na ubwabwa, ubwabwa bado uko jikoni.

Kwenye mwinuko mkali kabisa, kabla sijatoa ishara, kaka mwenyewe akainua mkono. "Simameni," akasema. "Nimechoka." Akalisema mbele ya watu wote. Machozi yakanilenga. Tulipiga dufu siku ile mpaka vidole vikawaka moto.

Msikitini akamshika mkono Muharami, bwana harusi. "Nimekuozesha," akasema, akavuta pumzi. Mtu mmoja akafungua mdomo amsaidie, nikamkata jicho. "Binti yangu," kaka akaendelea, akavuta tena, "Kudra, kwa mahari tuliyokubaliana." Muharami alimngoja mpaka mwisho, ndipo akajibu, "Nimekubali kumuoa."

Niliporudi Ipogolo, nikiwa nimemtangulia kaka, Kudra alikuwa ndani na mashangazi zake. Aliposikia sauti yangu mlangoni, hakuuliza habari za mume.

"Baba mdogo, baba alifika?"

"Alifika," nikamwambia. "Na amekuozesha mwenyewe."