Aliyekuwa Nyuma ya Princesse

Nyumbani kwetu asubuhi haianzi na chai. Inaanza na ndoto. Mume wangu Bertin ndiye aliyeileta desturi hiyo, alipojiunga na kikundi cha maombi cha Papa Norbert hapa mtaani kwetu, Kalemie. Kabla hujafagia, kabla hujanawa uso, unakaa mkekani na kusema umeota nini. Bertin anasikiliza, na ndoto ikiwa nzito anampelekea Papa Norbert aitafsiri.

Mimi nilikuwa naona ni mchezo tu. Bertin mwenyewe kila mara huota anafanya mtihani wa serikali, kalamu haiandiki, na wenzake wameshatoka chumbani. Mtu mzima, mwenye mvi! Papa Norbert alisema kuna adui aliyemfunga mikono. Adui gani? Bertin anamwogopa mkubwa wake wa kazi. Akiitwa jina tu, jasho linamtoka. Nami niliwahi kuota niko sokoni mbele ya beseni langu la ndagala, dagaa wa ziwa letu, sina hata kitambaa kiunoni. Nikaambiwa nifunge. Nilifunga mpaka saa sita mchana, nikala.

Mchezo uliisha pale Princesse alipoanza kuota anakimbizwa.

Princesse ni binti yetu, ana miaka kumi na minne. Alisema, "Niko nakimbia kwa njia ya matope. Miguu ni mizito, haiendi. Nyuma kuko muntu ananiita." Bertin akauliza ni nani. Mtoto akatazama mkeka.

"Ni Kambo."

Kambo ni bibi yake, mama mzazi wa Bertin. Miaka mingi alikaa kwa shemeji yangu huko Manono, na kwetu alikuwa amehamia majuzi tu. Alikuwa pale pale mkekani, anafunga kitambaa kichwani. Mikono yake ikasimama.

Asubuhi iliyofuata, ndoto ile ile. Na iliyofuata tena. Halafu Princesse akaanguka shuleni, mguu ukavimba, hospitali wakaupiga picha wakasema hakuna mfupa uliovunjika. Afadhali wangesema umevunjika. Mzee amefika, ndoto zimeanza, mguu unauma bila sababu: Papa Norbert hakuhitaji zaidi. Alisema mzee anautaka mguu wa mtoto kwa uchawi. Jumamosi angekuja na kikundi chake, mtoto aseme mbele ya wote, na akithibitisha, mzee atoke nyumbani siku hiyo hiyo.

Niseme wazi, mimi na mama mkwe wangu tulikuwa hatuivi. Tangu afike alikuwa ananikosoa chumvi, ananikosoa bukari, ugali wetu wa kila siku, ananikosoa hata ninavyomwaga maji. Kwa hiyo niliposikia neno "atoke", kuna kitu ndani yangu kilicheka. Halafu nikamkumbuka mama mmoja wa mtaa wa pili, aliyetolewa kwao kwa maneno kama hayo, na vijana waliomsubiri njiani na mawe. Kicheko kikakauka.

Nilimwambia Bertin, "Huyu ni mama yako."

"Odile, na ule ni mutoto wangu," akanijibu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa anaogopa, na mtu akishaogopa hivyo huwezi kumwambia kitu.

Jumamosi mchana wakaja. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha vumbi uwanjani. Nje ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba yetu, vijana walikuwa wameshajipanga kando ya ua, maana habari ya namna hii haihitaji kutumwa. Mmoja alikuwa anarusha jiwe juu na kulidaka, anarusha na kulidaka. Bertin alikuwa ameshafunga nguo za mama yake katika mfuko na kuuweka karibu na mlango wa lupango. Kambo alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati yetu, mikono mapajani, akimtazama mjukuu wake. Princesse hakumtazama. Ndipo nilipotambua kwamba tangu bibi afike, mtoto yule hakuwahi hata mara moja kumtazama usoni.

Papa Norbert si mtu wa kelele. Anaongea taratibu, na hilo ndilo lilinitia hofu zaidi.

"Mutoto wangu, usiogope," alimwambia Princesse. "Huyu muntu wa nyuma yako, ana nini mukononi?"

Nilijua anangoja nini: kisu, kamba, au nyama. Huko nje jiwe liliacha kurushwa.

"Ndara," akasema Princesse.

"Ndara?"

"Moja. Ndogo, nyekundu. Mukanda wake umefungwa na waya."

Papa Norbert hakukosa la kusema. Mzee anataka kumvisha mtoto kiatu cha giza, alisema, ndiyo maana mguu unauma. Watu wake wakaanza kuimba, na Bertin akauinua ule mfuko. Lakini mimi ndara ile niliijua. Niliinunua mimi mwenyewe, soko la hapa hapa, na ule waya Bertin aliukaza kwa koleo mwaka tuliompeleka Princesse, akiwa na miaka sita, akae na bibi yake kijijini upande wa Nyunzu. Mwaka wenyewe ukawa wa vita, na mtoto akaturudia na ndara moja tu mguuni.

"Nyamazeni!" Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Papa Norbert, nyamaza kwanza. Mama, ile ndara uliipata wapi?"

Tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza neno.

"Njiani," akasema Kambo. "Siku tulikimbia kijiji. Mutoto alikuwa mbele, mimi nyuma. Ndara ikamuponyoka katika matope. Nikainama niiokote, maana njia ilikuwa na miiba. Nilipoinuka alikuwa mbali. Nikamwita, nikamwita. Bunduki zilikuwa zinalia. Nikasema, hanisikii."

Habari ya kupotezana kwao tulikuwa tunaijua. Princesse aliokotwa na watu waliokuwa wanakimbia kupitia Niemba, wakamfikisha Kalemie. Kambo alitokea majuma mengi baadaye katika kambi ya wakimbizi, amekonda hata mwanawe hakumtambua, na kutoka hapo shemeji yangu akamchukua Manono. Lakini habari ya ndara hakuna aliyekuwa ameisikia.

"Nilisikia," akasema Princesse.

Wote tukamgeukia.

"Nilisikia, Kambo. Ulikuwa unaniita jina. Sikugeuka. Nilisema nikikungoja watatupata sisi wawili. Nikakuacha." Akaanza kulia, kilio cha mtoto mdogo kabisa, mdomo wazi. "Nilijua siku moja utakuya kuniuliza."

"Nikuulize nini?" Kambo alishangaa kweli. "Ulikuwa na miaka sita! Ungegeuka, ningekupiga."

Mtu mmoja wa kikundi akacheka, akajiziba mdomo. Princesse akainua uso, akamtazama bibi yake.

"Na ndara?"

"Niliitupa siku waliniambia uko muzima. Ningefanya nini na ndara moja?"

Papa Norbert alikohoa, akasema adui anaweza kujificha hata ndani ya maneno mazuri, kwa hiyo wao wataendelea kuomba. Nikamwambia waendelee, ila kwao. Walipotoka nilitoka nao, nikawakabili vijana na kuwaambia warudi nyumbani, hapa hapana kazi yao. Hawakuondoka upesi. Yule wa jiwe alilishika kwa muda mrefu, akiniangalia, kabla ya kuliachia. Nilisimama pale mlangoni mpaka wa mwisho akapinda kona.

Niliporudi, Bertin alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake, anampa mfuko. Kambo hakuupokea.

"Ni wewe ulifunga," akasema. "Fungua wewe."

Akaufungua. Alitoa kitambaa kimoja kimoja na kukirudisha ndani ya nyumba, na kila alipopita mbele yangu aliangalia chini. Sikumsaidia. Jioni Princesse alihamishia mkeka wake chumbani kwa bibi yake, akichechemea, kwa sababu mguu wenyewe uliendelea kuuma kama mguu wowote ulioteguka.

Asubuhi tukakaa mkekani, kwa mazoea tu. Princesse alisema amelala, hakuota kitu. Mimi nikasema vivyo hivyo. Bertin akamgeukia mama yake. Tangu mzee afike kwetu, alikuwa hajawahi kumwuliza.

"Na wewe, Mama? Uliota nini?"

Kambo alikaza kitambaa chake kichwani. Niliona anafikiri kama aseme au aache.

"Niliota niko inje ya lupango," akasema. "Niko napiga mulango. Wewe uko ndani, unanisikia."

Hakuna aliyekwenda kumwita Papa Norbert.